Moshi wa Mui, ndengu za Makueni

Anayepika muthokoi huujua moto wake. Sufuria ikishaanza kutokota, huinama akafunga kimlango cha chini cha jiko. Makaa hayazimiki, yanatulia, yanabaki mekundu, na chakula kinaiva polepole. Wahandisi wa boila za makaa ya mawe hufanya jambo hilo hilo kwa mabilioni ya shilingi: wanaunyima moto hewa pale unapoanzia.

Wanafanya hivyo kwa sababu ya nitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta na kwa kawaida ni gesi mvivu isiyoungana na kitu kwa urahisi. Ndani ya boila kubwa, makaa ya mawe yaliyosagwa laini kama unga hupulizwa yakaungua yakiwa bado yanaelea. Joto likipita nyuzi 1,300 hivi, uvivu wa nitrojeni unaisha: inashikana na oksijeni, na oksidi za nitrojeni zinazaliwa. Mwanafizikia wa Kisovieti Yakov Zeldovich alieleza hatua zake katika miaka ya 1940.

Hewa, hata hivyo, si mkosaji mkuu hapa. Makaa ya mawe ni mimea iliyozikwa mamilioni ya miaka iliyopita, na asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake huwa nitrojeni. Hii haingoji joto kali. Ikitoka kwenye makaa ikakuta oksijeni, basi imekuwa oksidi. Ikiikosa, atomu zake hutafutana zenyewe, mbili mbili, na kurudi kuwa ile gesi mvivu isiyomdhuru mtu. Kwa hiyo chini ya boila huingizwa hewa pungufu, na iliyobaki huingizwa juu zaidi, makaa yamalizie kuungua joto likiwa limeshuka. Mbinu hii, pamoja na vichomeo vilivyoundwa kwa kazi hiyo, huweza kupunguza oksidi kwa asilimia 30 hadi 60.

Zinazobaki zinatibiwa kwa urea, ile ile inayouzwa kwa mifuko kwenye agroveti za mji wa Wote, Makueni. Ikiyeyushwa na kunyunyizwa kwenye moshi wenye nyuzi 850 hadi 1,100, hutoa amonia, nayo amonia huigeuza oksidi kuwa nitrojeni na mvuke wa maji. Moshi ukizidi joto, amonia yenyewe inaungua na kuongeza uchafu. Ukipoa mno, inatoroka na kutoka na moshi. Dawa ya uhakika zaidi ni kuupitisha moshi uliochanganywa na amonia, ukiwa na nyuzi 300 hadi 400, kwenye matofali yenye matundu kama sega la nyuki, yaliyotiwa titani na vanadi. Hapo asilimia 80 hadi 90 ya oksidi huondoka. Sega hilo ni ghali, huchakaa, na linataka nafasi kubwa. Boila ikishajengwa bila kuiacha nafasi hiyo, kulipachika baadaye ni kazi ya kubomoa.

Kwetu Kenya, huko Mui, mashariki mwa kaunti ya Kitui, makaa hayo bado yako ardhini. Serikali imekuwa ikitaja tani milioni 400 katika kitalu cha C peke yake, na mwaka 2013 ilitia saini makubaliano na kampuni ya Kichina ya Fenxi kuhusu vitalu vya C na D. Mabishano mengi yamekuwa juu ya mashamba na fidia, na ni haki yawe hivyo. Moshi umezungumzwa kidogo, hasa kwa upande wa watu wa kaunti jirani ya Makueni.

Lakini kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hivi, hewa ya Mui huelekea kusini-magharibi, na Mto Athi ulio mpaka wa kaunti hizi mbili hauzuii upepo. Njiani, chini ya jua kali, oksidi za nitrojeni huchanganyika na mivuke mingine na kutengeneza ozoni karibu na ardhi. Ozoni hii hupenya kwenye matundu ya majani na kuyaunguza kwa ndani. Mimea ya jamii ya kunde huumia mapema, ndengu zikiwemo. Na Desemba ndipo ndengu za mvua za vuli zinapojaza maganda.

Juni 26, 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Siku mtambo kama huo ukipangwa Kitui, mimi ningeanza kwa kutafuta namba moja kwenye makaratasi yake: miligramu za oksidi za nitrojeni katika kila mita ya ujazo ya moshi. China, kwa mitambo yake yenye masharti makali zaidi, imeweka kikomo cha 50. Mwongozo wa Benki ya Dunia wa mwaka 2008 unaruhusu 200 mahali ambapo hewa imeshachafuka. Pale ambapo bado ni safi, kama Kitui, unaruhusu 510.