Malawi ya Kaskazini kwa Pikipiki: Kutoka Songwe Hadi Magenge ya Livingstonia

Kwa mkazi wa Busale, Kyela, Malawi ni jirani wa asubuhi moja. Unatoka kwenye vivuli vya mikakao, unashika lami ya Kasumulu, pasi inagongwa muhuri, unavuka daraja la Songwe na umekwisha kufika. Hata hivyo wengi wetu tunaijua nchi hiyo kwa biashara ya mpakani tu. Ni hasara kubwa, kwani huko kuna barabara inayompandisha mtu ukuta wa Bonde la Ufa kuanzia ufukweni hadi kileleni, na pikipiki ndiyo chombo kinachoifaa.

Mpaka wenyewe ulikatwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, nao wakauchagua mto. Lakini Songwe hautulii: masika hufurika na kuhamisha mkondo. Watu wa pande zote mbili ni ndugu. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela husikilizana bila mkalimani. Ukiendelea kusini Kitumbuka ndicho kinachotawala, pamoja na Kichewa na Kiingereza. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, badili shilingi upate kwacha, kisha endelea kuendesha upande wa kushoto kama nyumbani.

Hadi Karonga mjini ni chini ya kilomita 50 za tambarare, na mashamba ya mpunga yanafanana na ya kwetu. Mji huu umeona mengi. Hapa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetoka upande wa pwani, alipigana na kampuni ya Waingereza kuanzia mwaka 1887, mpaka akanyongwa Desemba 1895. Septemba 1914 Wajerumani walishuka kutoka Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu Langenburg, wakauvamia, wakarudishwa. Makumbusho ya mji yana kiunzi cha Malawisaurus, dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbuliwa katika wilaya hii mwaka 1924. Pita hapo kabla ya kuendelea.

Kutoka Karonga barabara kuu ya M1 inaelekea kusini, ziwa likiwa kushoto na milima kulia. Kadiri unavyokwenda, milima inakusogelea, na ukifika Chitimba, karibu kilomita 100 mbele, imebaki nafasi ndogo tu kati ya genge na maji. Kando ya njia watu wanaanika usipa, dagaa wa ziwani, na chakula cha mchana ni kondowole, ugali wa muhogo unaovutika, kwa samaki. Mbasa tunayemsifu Kyela wao humwita mpasa, naye hupanda mito kutaga mayai huko kama huku.

Chitimba ndipo safari yenyewe inapoanza. Njia ya Gorode inaacha lami na kupanda kwenda Livingstonia: karibu mita 800 za mwinuko ndani ya kilomita 15 hivi, na kona kama 20 zinazojipinda hadi unauona mgongo wa njia uliyotoka. Chini ni vumbi na kokoto, juu ni miamba mitupu. Ingia kona ukiwa tayari kwenye gia namba moja, usibadili katikati, maana pikipiki ikizimika hapo inarudi nyuma. Abiria ashuke kwenye kona kali atembee. Piga honi kabla ya kila kona, kwa sababu gari linaloshuka halina pa kukupisha. Wakati wa kuteremka acha injini ikushikilie. Ukitegemea breki peke yake zitapata moto na kulegea. Mvua ikinyesha, subiri chini.

Juu ya genge ndiyo Livingstonia, mji wa misheni uliohamishiwa hapa mwaka 1894 na Dkt. Robert Laws wa Kanisa Huru la Scotland, baada ya malaria kuwaua wengi katika vituo vya ufukweni. Nyumba yake ya mawe sasa ni makumbusho. Shule yake ilifundisha ualimu, useremala, uashi na uchapaji, na matunda yake yalivuka mipaka: David Kaunda, baba yake Rais Kenneth Kaunda, alisomea hapa kabla ya kupelekwa Zambia ya leo kuhubiri. Hewa ikiwa safi, kutoka ukingoni unaiona ng'ambo ya ziwa milima ya Tanzania, nayo, kama mji huu, imepewa jina la Livingstone.

Karibu na mji, maporomoko ya Manchewe yanaanguka zaidi ya mita 100 ndani ya korongo lenye msitu. Nyuma ya maji kuna pango ambamo Waphoka, wenyeji wa hapa, walijificha wakati wa uvamizi na biashara ya watumwa. Wazao wao leo wanalima kahawa kwenye miteremko hiyo, na mkulima wa Rungwe atapata mengi ya kuongea nao.

Ukirudi lami na kupita Chiweta, M1 inaliacha ziwa na kuingia korongo la Rukuru Kusini, mto chini, kuta za mawe juu, hadi njia panda ya Rumphi. Magharibi imeinuka Nyika, nyanda za majani zinazofikia mita 2,605 kwenye kilele cha Nganda. Ni hifadhi ya taifa yenye tembo na chui, kwa hiyo ulizia masharti ya pikipiki kabla ya kufika lango la Thazima.

Jambo moja la kuzingatia ni mafuta. Miaka ya karibuni uhaba wa fedha za kigeni umevikausha vituo vya Malawi mara kwa mara. Jaza tangi Kyela, na hesabu ya kurudi uifanye kabla ya kupanda Gorode.

Ningependa shule zetu za Kyela zipeleke wanafunzi huko kwa basi, angalau hadi Karonga. Historia ya mwambao huu iliandikwa pande zote mbili za Songwe, na sisi tumekuwa tukiisoma nusu.