Kipushi: mgodi ulifungwa, munkoyo haukufungwa hata siku moja

Katika mji wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, kando kabisa ya mpaka wa Zambia, jioni mtu huchagua mahali pa kukaa kufuatana na kilichomo mfukoni. Mwenye mshahara huingia buvete yenye muziki, akaagiza Simba au Tembo ya baridi na sahani ya michopo, ile nyama ya mbuzi iliyochomwa juu ya makala. Asiye na mshahara huzunguka nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja cha mama anayejulikana katika mtaa, akakalia kigoda au bido lililogeuzwa. Hapo kinachonywewa ni munkoyo.

Buvete za barabarani zina historia moja na mgodi. Union Minière ilianza kuchimba Kipushi mwaka 1924, na ni katika miaka hiyohiyo ya 1920 kiwanda cha bia kilianzishwa Lubumbashi, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Mfanyakazi anayelipwa kila mwezi alikuwa mnywaji wa uhakika. Mpaka leo, kwa Wakatanga wengi, Simba ni bia ya nyumbani. Tembo, yenye rangi ya kahawia, ina jina ambalo lingemchekesha mtu wa Mombasa au Zanzibar: huko tembo ni pombe ya mnazi. Hapa mnyama amechorwa kwenye chupa, na ubishi umeisha.

Munkoyo hauna chupa yake wala picha. Mama hupika uji mwepesi wa unga wa mahindi kwenye sufuria kubwa, akauacha upoe hadi uwe vuguvugu. Kisha anatia mizizi iliyopondwapondwa. Ni mizizi ya mimea ya porini ya jamii ya kunde, ambayo wataalamu huiita Rhynchosia na Eminia. Mwituni na sokoni jina ni munkoyo tu, sawa na kinywaji chenyewe. Baada ya muda mfupi uji uliokuwa mzito unalegea na kuwa kama maji, na ladha yake inageuka tamu. Hakuna miujiza: mzizi una vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi kuwa sukari, kazi ileile ambayo viwanda vya bia hufanya kwa shayiri iliyooteshwa. Mizizi inatolewa, kinywaji kinalala usiku. Kesho yake kina uchachu kidogo na hata watoto wanapewa. Siku ya pili au ya tatu kimepata nguvu, na sasa ni cha wakubwa. Baada ya hapo kinachacha mno, na kilichobaki kinamwagwa. Mama anayekosea hesabu ya wateja wake amepoteza unga, makala na usiku mzima.

Wakati wa ukoloni biashara hii ya nyuma ya nyumba haikupendwa. Kampuni ilitaka mfanyakazi aamke mapema akiwa na nguvu zake zote, na kambi zililindwa. Kilichofuatiliwa zaidi ni lutuku, pombe kali ya mahindi inayochemshwa ndani ya pipa na kupozwa kupitia bomba. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulikuwa umepiga marufuku kutengeneza pombe za kuchemshwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kwa hiyo lutuku ilizoea kupikwa kwa siri. Bado inauzwa, na isifichwe: lutuku iliyopikwa vibaya inaweza kupofusha au kuua. Kuuweka munkoyo katika kapu moja nayo, kama wanavyofanya watu wengine wa heshima mjini, ni kutoutendea haki.

Mgodi ulisimama mwaka 1993. Gécamines ilizidi kuporomoka, mishahara ikakatika kwa miezi na miezi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo katika Katanga waliondoka katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Baba aliyekuwa akileta gunia la unga kutoka kampuni alirudi nyumbani mikono mitupu. Katika familia nyingi ni mama aliyeanza kulipa shule, kwa mboga za shambani, kwa mkaango wa mikate, kwa sufuria ya munkoyo.

Bia ya kiwandani nayo ina vita vyake. Kinshasa ilipozuia bia na vinywaji baridi kutoka Zambia ili kulinda viwanda vya ndani, Zambia ilijibu mwezi wa Agosti 2024 kwa kufunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, na malori ya shaba yakakwama hadi mipaka ilipofunguliwa tena siku chache baadaye. Katika ugomvi huo wote hakuna aliyetaja munkoyo. Hauvuki forodha, na hauwezi kusafiri mbali bila kuharibika.

Udhaifu huohuo, kwingine watu waliufanya kuwa sababu ya kukipenda kinywaji. Mwaka 1971, wanywaji Waingereza waliunda chama kiitwacho CAMRA kutetea bia ya pipa ambayo huendelea kuchacha ndani ya chumba cha chini cha baa na lazima imalizwe kwa siku chache. Viwanda vikubwa vilitaka kuiondoa, kwa sababu bia iliyokufa ni rahisi kubeba. Leo kusini mwa Uingereza watu hufunga safari kwenda kuonja bia ya kijiji fulani, papo hapo ilipopikwa.

Kipushi mgodi umeanza tena kutoa zinki tangu mwaka 2024, mishahara imerudi kwa baadhi ya nyumba, na kesi za bia zinashushwa kwa wingi. Lakini si chupa zinazowapa mama wa munkoyo wasiwasi mkubwa. Ni pori. Misitu ya miombo kuzunguka Lubumbashi inakatwa kila siku kwa ajili ya makala, na anayeng'oa mzizi mara nyingi anaondoka na mmea mzima. Wachimbaji wa mizizi wanalazimika kwenda mbali zaidi, na gharama ya safari hiyo inaishia kwenye kopo la mnywaji. Unga unaweza kukopwa kwa jirani. Mzizi, hakuna anayeulima.