Kuongeza Kikomo cha Michakato ya Mtumiaji katika Linux

Katika mfumo endeshi wa Linux, kila mtumiaji huwekewa kikomo cha idadi ya michakato anayoweza kuiendesha kwa wakati mmoja. Hesabu hiyo hujumuisha pia nyuzi za utekelezaji. Hivyo, programu chache zenye nyuzi nyingi zaweza kukifikia. Hapo mwito wa fork hukataliwa kwa kosa la EAGAIN, hata kama kumbukumbu ingalipo. Katika bash, amri ya ulimit -u huonyesha kikomo kinachotumika, ambacho mtumiaji anaweza kukipandisha hadi kikomo cha juu tu. Kukivuka hicho kunahitaji msimamizi ahariri faili la /etc/security/limits.conf, kisha mtumiaji aingie upya. Hata hivyo, kikomo kisiondolewe kabisa: programu moja inayojizalisha mfululizo yaweza kuikwamisha kompyuta nzima.