Ugonjwa wa Kusahau: Kinga Inaanza Ukiwa Kazini



Hapa Bulengera, kama mahali pengi, kuna wazee wanaopotea njia ya nyumba yao wenyewe. Mzee anatoka sokoni, anazungukazunguka, mpaka mtoto wa jirani anamrudisha kwa mkono. Anauliza swali moja mara tano. Watu wengine wanasema: «Ni uzee tu.» Wengine wanasema neno baya zaidi: «Ni mchawi, anatembea usiku.» Wote wanakosea. Huu ni ugonjwa wa ubongo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mwaka 1906, munganga wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alitazama kwa darubini ubongo wa mwanamke aliyekufa baada ya kupoteza kumbukumbu. Aliona uchafu uliogandamana katikati ya chembe za ubongo, na ndani ya chembe aliona nyuzi zilizosokotana. Leo tunajua kwamba uchafu huo unaanza kujikusanya miaka kumi au ishirini kabla mtu hajaanza kusahau. Tena kuna aina nyingine: tansio inaharibu mishipa midogo ya damu kichwani, na mahali damu haifiki, chembe zinakufa.

JE, TUNAWEZA KUJIKINGA?

Tangu mwaka 1992 wanganga walifuata wazee wa Ibadan, Nijeria, na wazee weusi wa Indianapolis, Marekani. Kila mwaka, katika wazee 100, waliopata ugonjwa huu upya walikuwa 1,35 Ibadan, lakini 3,24 Indianapolis. Asili yao ya mbali ni moja, lakini maisha ni mbalimbali. Kwetu Kongo, mtaalamu Jean Ikanga na wenzake wamepima damu ya wazee wa Kinshasa, wakitafuta alama za ugonjwa huo.

Mwaka 2024 tume ya wataalamu wa gazeti la Lancet ilitaja sababu 14 zinazoweza kupunguzwa. Zikiondolewa zote, karibu wagonjwa 45 katika 100 wangeepuka ugonjwa au wangeupata wakiwa wamechelewa. Angalia, nyingi zinagusa kazi yetu:

1. Kichwa. Pigo kubwa la kichwa linaacha alama ya miaka mingi. Vaa kofia ngumu mgodini, na juu ya pikipiki pia.

2. Masikio. Mashine za kutoboa mwamba zinaua masikio polepole. Asiyesikia anaacha kuzungumza na watu, na ubongo wake unalala. Tia vizibo vya masikio kila siku.

3. Tansio na sukari. Tansio haiumi. Pimisha hata kama unajisikia mzima, na dawa usiiache kwa sababu umepata nafuu.

4. Sigara, kanyanga na moshi. Punguza, au acha kabisa. Jiko la makala lisiwake ndani ya chumba kilichofungwa.

5. Shule. Akili iliyofundishwa inakawia kuchoka. Peleka watoto wote shuleni, wasichana pia.

Zebaki ya kusafishia dhahabu haimo katika hesabu hiyo ya 14, lakini mvuke wake ni sumu ya ubongo. Usiichome nyumbani kamwe.

NA MZEE ANAYESAHAU TAYARI?

Mpeleke kituo cha afya upesi. Kusahau kwingine kunatoka kwa kaswende ya zamani, kwa huzuni nyingi, kwa dawa alizozimeza, au kwa upungufu wa vitamini B12, na hayo yanatibika. Kama ni ugonjwa wenyewe, dawa ya kuuponya haijapatikana. Basi mpe chakula kwa saa yake, mwite kwa jina lake, usimwache atoke peke yake, usibishane naye. Jirani akinong'ona habari ya uchawi, mjibu waziwazi: «Ni mgonjwa.» Neno hilo linaweza kuokoa maisha yake.

Kofia unayoivaa leo inalinda pia siku utakayotaka kuwaita wajukuu wako kwa majina yao.