Tiketi Inasema Saa Saba, Kiti Kinasema Kumi na Tano

Komredi mmoja wa hosteli yetu alialikwa kwenye kongamano la wiki mbili huko New York, mwezi wa Januari. Tiketi ilipoingia kwenye simu, chumba kizima tulimzunguka. Kuondoka Nairobi 23:30, kufika 06:30. "Masaa saba tu! Si ni kama basi la usiku la Mombasa?" Akapanga mambo yake hapo hapo: Jumapili aondoke New York saa sita na nusu mchana, jioni awe amefika, alale, na Jumatatu saa mbili asubuhi aingie kwenye mtihani. Ukurasa wa kurudi hakuusoma.

Hapo ndipo wengi wetu hupotea. Saa za kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo: kuondoka ni saa za Nairobi, kufika ni saa za New York. Januari, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Wakisogeza saa zao mbele, kuanzia Machi hadi mapema Novemba, tofauti inakuwa saa 7. Kwa hiyo ndege ikitua kwao 06:30, kwetu ni saa nane na nusu mchana. Hesabu kuanzia 23:30: ni saa 15 hewani.

Mbona muda mrefu hivyo? Kati ya viwanja hivyo viwili kuna takriban kilomita 11,800. Na hiyo ndiyo njia fupi! Ukipiga mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani, utatokea pwani ya Mauritania. Lakini dunia ni mviringo. Chukua tufe la darasani, uvute uzi kati ya miji hiyo: utapita Sudan, utakata Sahara na kutokea Morocco, kisha Atlantiki. Uzi huo unaokoa zaidi ya kilomita 300. Marubani huanzia hapo, halafu wanapinda kidogo kufuata hali ya hewa na anga iliyo wazi.

Ndege kama Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilianza nayo safari ya moja kwa moja mwaka 2018, huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na ushei. Zilizobaki zinaliwa na kupaa, kutua, na hasa upepo. Huko juu, upande wa kaskazini, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda New York unapambana nao, ukirudi unakusukuma. Ndiyo maana kurudi huchukua kama saa 14.

Sasa turudi kwa komredi wetu. Jumapili saa sita na nusu mchana ya New York, Nairobi ni saa mbili na nusu usiku. Ongeza saa 14: anatua Jumatatu saa nne na nusu asubuhi. Mtihani umeanza saa mbili na nusu zilizopita!

Bahati nzuri, hesabu hii tuliifanya kabla hajasafiri. Alilipa faini ya kubadilisha tarehe, akarudi siku moja mapema. Iliuma, lakini kurudia somo kungeuma zaidi. Nawe ukipata tiketi yako, geuza kwanza saa zote ziwe za Nairobi, ndipo uanze kupanga.