Risasi ya Bastola katika Mtutu Mrefu

Bunduki ya wenzo huingiza risasi kwa kuvutwa mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio. Theodore Roosevelt alishuka nayo Mombasa mwaka 1909, ila yake ilikula risasi ya bunduki, .405. Ile ya risasi nene za bastola nayo mvuto wake wafahamika. Winchester ya 1873 na bastola ya Colt zilishirikiana risasi ya .44-40, hivyo mshipi mmoja ulimtosha msafiri. Tena mtutu mrefu huipa baruti nafasi ya kusukuma zaidi: .44 Magnum, ya mwaka 1955, hupata nyongeza ya mita 100 na zaidi kwa sekunde.

Udhaifu umo katika umbo. Risasi fupi, butu, hupoteza mbio upesi; ikipita mita 150 huanguka mno. Kuichongoa ni hatari, kwani ndani ya neli iliyo chini ya mtutu kichwa cha risasi hugusa fataki ya mwenziwe. Katika vichaka vya Shimba, juu ya Bongwe, mnyama huonekana karibu, na hapo umbali si hoja. Lakini mnyama mwenyewe ni nyati, ambaye risasi hiyo si ya kumwendea. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji.