Una Laini Ngapi Kwenye Droo Yako?

Kila ploti ina yule mtu wa vifaa. Redio ya jirani ikinyamaza, anaitwa yeye. Runinga ikileta michirizi, hodi ni kwake. Sebuleni ana laptopu ya mitumba aliyotoa Luthuli Avenue, imefunguliwa mgongo tangu Pasaka, na droo iliyojaa chaja, simu za kitambo na kadi za simu. Kama mtu huyo ni wewe, hebu tuangalie hiyo droo.

Wengi wetu hudhani pesa ziko ndani ya simu. Haziko. Salio lako linakaa kwenye kompyuta za kampuni ya malipo. Laini ndiyo ufunguo, pamoja na PIN yako. Ndiyo maana simu ikitumbukia kwenye karai la nguo, pesa haziendi popote: unachomoa laini, unaitia kwenye kabambe ya mama, maisha yanaendelea. Lakini pia aliye na laini yako ana nusu ya ufunguo.

Sasa mpenda vifaa ana laini moja kwenye modemu, nyingine kwenye traka ya pikipiki, ya tatu kwenye kamera ya geti. Zote zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ile ya modemu aliifungulia akaunti ya pesa siku moja ili anunue bando, kisha akasahau. Modemu ikauzwa na laini ikiwa ndani. PIN? Mwaka wake wa kuzaliwa, ile ile anayotumia kila mahali. Na kama barua pepe yake bado hutuma nambari za kuthibitisha kwenye laini hiyo, shida haiishii kwa salio.

Ukikumbuka laini iliyopotea hivyo, peleka kitambulisho chako kwa duka la mtandao wako, uombe kadi mpya ya nambari hiyo. Ikishawashwa, ile ya zamani inakufa popote ilipo. Kama huihitaji tena, omba akaunti ya pesa ifungwe, na laini pia.

Zile unazobaki nazo unaweza kuzifunga. Kwenye mipangilio ya simu, upande wa usalama, laini ina PIN yake, tofauti kabisa na PIN ya pesa. Ukiiwasha, mtu akiihamishia simu nyingine haifanyi kazi mpaka aingize nambari hiyo. Ukikosea mara 3 itaitisha PUK, na PUK ukiikosea mara 10 kadi imeisha, kwa hivyo iandike mahali salama. Kwa traka jaribu kwanza. Zingine hugoma zikipata laini iliyofungwa.

Wakati wa kuuza simu, kuchomoa laini hakutoshi. Toka kwenye akaunti zako kwanza, ndipo uirudishe ilivyotoka kiwandani. Laptopu nayo huhifadhi maneno ya siri kwenye kivinjari, na watu husahau hapo sana.

Mnunuzi akikuonyesha meseji ya malipo, tabasamu, halafu angalia salio lako mwenyewe kabla hajaondoka na kifaa. Nawe ukinunua simu, bonyeza *#06# ulinganishe zile tarakimu 15 na za kwenye boksi. Zikitofautiana, acha hiyo simu.

Lakini leo anza na ile modemu uliyomwachia jirani.